Zambarau ya 1908 haiingii sebule ya 1903

Wiki hii nimeulizwa tena. Mtu anaandaa ziara katika nyumba ya kale hapa Uingereza, sebule ameipanga iwe ya 1903, na anataka kujua apate wapi zile tepe za begani za zambarau, nyeupe na kijani za wanawake waliodai haki ya kupiga kura. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

WSPU, chama cha wanawake hao waliodai kura kwa vitendo vya nguvu, ilianzishwa tarehe 10 Oktoba 1903, nyumbani kwa Emmeline Pankhurst, kiongozi wake, namba 62 Nelson Street, Manchester. Rangi hizo zilichaguliwa na Emmeline Pethick-Lawrence, mweka hazina wa chama, mwaka 1908, na umati ukaziona Hyde Park mwezi Juni mwaka huohuo. Miaka mitano baadaye! Mwenye nyumba alikuwa ameshahama. Kuzitundika kwenye sebule ya 1903 ni kumvika bibi harusi shela kabla posa haijapelekwa.

Halafu si kila mpigania kura alivaa zambarau. NUWSS ya Millicent Fawcett, muungano wa vyama vilivyodai kura kwa njia ya amani, ilikuwapo tangu 1897, ilikuwa na wanachama wengi zaidi, haikuvunja madirisha ya mtu, na rangi zake zilikuwa nyekundu, nyeupe na kijani. Kama bibi wa nyumba yako alikuwa upande huo, umemvalisha sare ya watu aliokuwa akibishana nao. Wageni hawatagundua, utaniambia. Sasa ziara ni ya nini?

Mavazi: blauzi ya kola ndefu, sketi nyeusi, basi. Taa: zima za umeme, hata kama mtu wa usalama atanuna, uache moja tu mlangoni.

Mezani ndipo pa kuhangaika. Pankhurst alikuwa mjane tangu 1898, akifanya kazi ya usajili wa vizazi na vifo, na wasichana wa miaka 13 walikuja kwake kusajili watoto waliowazaa. Weka fomu na wino. Pembeni weka michoro ya Sylvia, bintiye, aliyepamba ukumbi uliojengwa kwa heshima ya baba yake, kisha ikabainika kwamba tawi la ILP (chama huru cha wafanyakazi) lililoutumia haliruhusu wanawake. Hasira ile ndiyo iliyoitisha kikao cha sebuleni kilichoianzisha WSPU. Mgeni akiielewa, hahitaji utepe.

Jikoni ndiko ninakobabaika. Ziara nyingi humalizikia huko kwa keki na tangazo kwamba mwaka 1918 wanawake walipata kura. Wanawake gani? Waliotimiza miaka 30, tena wenye sifa ya makazi au mali, wao wenyewe au kupitia waume zao, pamoja na baadhi ya wahitimu wa vyuo vikuu. Mtumishi wa ndani wa miaka 22, analala darini kwa mwajiri wake, hakuguswa. Usawa na wanaume, kuanzia miaka 21, ulikuja 1928.

Basi nimsemeshe? Mwenzangu anataka mwigizaji wa kike aliyefunga aproni, alalamike kwa dakika tatu. Mimi naona tutamtungia maneno ambayo hakuna aliyeyaandika. Lakini nikiacha aproni tupu kwenye msumari, nimemnyamazisha mara ya pili, na hoja hiyo ya mwenzangu sijapata jibu lake. Kwa sasa kiongozi wa ziara anausoma mstari wa sheria ile ya 1918 palepale kwenye sinki, wageni wakiwa na keki mkononi. Wengine hukasirika. Afadhali.