Si uzalendo unaochagua gari la polisi Marekani

Wengi huamini kwamba polisi wa Marekani hawanunui Toyota wala BMW kwa sababu ya uzalendo. Si kweli. Ford Crown Victoria, gari lililokuwa sura ya polisi hao hadi lilipoacha kutengenezwa mwaka 2011, liliundwa St. Thomas, Kanada. Chevrolet Caprice ya polisi ya miaka ya 2011 hadi 2017 ilitoka Australia. Na polisi wa barabara kuu wa California wametumia pikipiki za BMW kwa miaka mingi.

Kinachoamua ni gari kuandaliwa kwa kazi hiyo tangu kiwandani. Gari la doria hunguruma saa nyingi bila kuzimwa, huku taa, redio na kompyuta zikinyonya umeme, kisha ghafla linatakiwa kumfukuza mhalifu. Linahitaji alteneta (kifaa kinachozalisha umeme wa gari) yenye nguvu, breki imara na upoozaji wa ziada. Polisi wa jimbo la Michigan huyapima magari haya kila mwaka, na idara nyingine husoma matokeo kabla ya kununua.

Kampuni nyingi za kigeni hazina toleo kama hilo kwa soko la Marekani. Nadhani ni suala la hesabu tu: soko ni dogo, zabuni hubana bei, na karakana za polisi tayari zina vipuri vya modeli zilizozoeleka.