Maktau: stesheni iliyoletwa na vita

Kila ninapopeleka wageni Maktau, kwenye njia ya Voi kwenda Taveta, huulizwa swali lilelile: nani aliyeweka stesheni kwenye nyika kavu hivi, pasipo mto wala soko? Mimi hushughulika na historia ya reli, na jibu langu ni fupi. Hakuna mfanyabiashara aliyeiomba. Ilitakiwa na jeshi.

Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Wajerumani waliotawala Tanganyika waliiteka Taveta, iliyokuwa ya Waingereza upande wa Kenya. Waingereza walitaka kuirudisha, ila kutoka Voi kuna kilomita zaidi ya 100 za miiba na vumbi, na askari hawapiti hapo na kibuyu kimoja cha maji. Basi mwaka 1915 mafundi wa reli wa jeshi la India wakaanza kutandika mataruma kutoka Voi. Katikati ya mwaka walifika Maktau, na reli ikaishia hapo kwa miezi kadhaa. Kambi ikajaa. Maji yalivutwa kwa bomba kutoka milima ya Bura, maana injini za mvuke nazo zilikuwa na kiu kuliko askari.

Wajerumani hawakukaa kutazama. Vikosi vyao vidogo vilipenya vichakani usiku na kutega baruti relini, hata madereva wakawa wanatanguliza mabehewa matupu mbele ya injini, mlipuko uyapate hayo kwanza. Karibu na Maktau ndipo alipouawa Luteni Wilbur Dartnell wa jeshi la Waingereza, tarehe 3 Septemba 1915. Alikuwa amejeruhiwa, akakataa kubebwa na kuwaacha majeruhi wenzake. Alitunukiwa Msalaba wa Viktoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza, baada ya kufa.

Machi 1916 Taveta ilichukuliwa, na reli ikasukumwa hadi Kahe kuungana na ile ya Kijerumani ya Tanga na Moshi. Hapa watu wa reli hutabasamu: maadui hawa wawili walikuwa wamejenga kwa upana uleule, mita 1 kamili, kwa hiyo mabehewa yalivuka bila shida.

Amani ilipokuja, njia ikabaki na kazi ya kubeba mkonge na abiria. Mpaka wa Tanzania ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983, ilipungukiwa sana na maana, kisha malori yakamaliza kazi. Tusiilaumu barabara peke yake.

Ukifika Maktau, anzia kwenye makaburi ya askari wa Kihindi, yanatunzwa vizuri. Reli utaitafuta mwenyewe kwenye majani. Vaa viatu vigumu.