Je, wajua kwa nini chuo "salama kuliko vyote" na chuo "hatari kuliko vyote" mara nyingi ni vyuo vidogo?

Chukua orodha ya vyuo vya Marekani iliyopangwa kwa kiwango cha uhalifu, ambayo mwandaaji wake hakuweka kima cha chini cha idadi ya wanafunzi, kisha tazama ncha zake mbili. Upande wa vyuo vya kuogopwa utakuta vyuo vidogo. Upande wa vyuo visivyo na doa utakuta vyuo vidogo pia. Vile vikubwa vyenye wanafunzi 40,000 na kuendelea vimesongamana katikati, kama vile vimekubaliana visivume wala visitukanwe.

Je, udogo unaleta usalama au unaleta hatari? Hauleti hata kimoja. Orodha ya namna hiyo inaweza kutokea hata kama kila mwanafunzi, katika kila chuo, ana uwezekano uleule kabisa wa kudhuriwa.

Imani inayopotosha hapa ni hii: ukishagawanya matukio kwa idadi ya watu, umeshaondoa suala la ukubwa, na sasa unaweza kupanga chuo na chuo, mji na mji, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Imani hii ina nguvu kwa sababu nusu yake ni kweli. Anayesema Dar es Salaam ina wizi mwingi kuliko Kilwa hajasema kitu mpaka agawanye, na tangu shuleni tumefundishwa kwamba kugawanya ndiyo haki yenyewe. Kwa hiyo mtu akiona "kwa kila watu 100,000" anatulia, akidhani kazi ngumu imekwisha.

Lakini kugawanya hurekebisha jambo moja tu, kwamba penye watu wengi hutokea mengi. Hakugusi kuyumba kwa namba ndogo. Wala hakukuhakikishii kwamba watu uliowaandika chini ya mstari wa sehemu ndio wahusika wa matukio uliyoyaandika juu yake. Mambo haya mawili yakiachwa, kiwango kinaweza kupotosha kuliko idadi ghafi, maana idadi ghafi angalau haijifanyi kuwa ya haki. Kuna na kosa la upande wa pili: wapo ambao wakishasikia haya huamua kwamba viwango vyote ni upuuzi. Nao wamekosea. Kiwango cha jiji la watu milioni moja kwa kosa linalotokea mara elfu kadhaa kwa mwaka ni kipimo kizuri tu. Shida huanza pale matukio yanapohesabika kwa vidole.

Kijiko na sinia

Fikiria gunia la mchele lililochanganywa vizuri, lenye chuya zilizotapakaa sawasawa. Kwa wastani kila kijiko cha mchele kina chuya moja. Sasa waite watu 100, kila mmoja achote kijiko kimoja na kuhesabu.

Hawatapata moja moja. Hesabu ya matukio adimu, ambayo wanatakwimu huiita ya Poisson, inasema hivi: watu kama 37 watakuta sifuri, wengine 37 watakuta moja, 18 watakuta mbili, na 8 waliobaki watakuta tatu au zaidi. Aliyekuta sifuri ataapa kwamba mchele umepepetwa ukachaguliwa. Aliyekuta nne atasema muuzaji ni mwizi. Gunia ni lilelile.

Sasa mtu mwingine achote kwa sinia linalobeba vijiko 20. Wastani wake ni chuya 20, na mara nyingi sana atakuta kati ya 12 na 29. Akigawanya kwa vijiko, anapata kati ya 0.6 na 1.45. Mwenye kijiko alikuwa anarukaruka kati ya 0 na 3. Sinia halina mchele safi zaidi. Lina nafasi ya kutosha kwa bahati nzuri na bahati mbaya kufutana.

Weka vyuo mahali pa vyombo. Kijiko ni chuo cha wanafunzi 2,000, sinia ni chuo cha wanafunzi 40,000, na chuya ni unyang'anyi, tuseme wenye uwezekano wa matukio 50 kwa kila wanafunzi 100,000 kwa mwaka, kila mahali. Kati ya vyuo vidogo 100, vyuo 37 vitatangaza sifuri na kuiweka kwenye tangazo la udahili. Vyuo 8 vitaonekana kuwa na kiwango cha 150 au zaidi, mara tatu ya ukweli. Chuo kikubwa kitabaki kati ya 30 na 73 hivi, na hakitaongoza orodha upande wowote.

Mwaka unaofuata chota tena. Chuo kilichoandika matukio matatu kina nafasi kubwa ya kuandika moja au sifuri, na mkuu wa ulinzi atapongezwa kwa kamera mpya. Kilichoandika moja kikiandika mawili, kichwa cha habari kitasema uhalifu umeongezeka kwa asilimia 100. (Ugonjwa huu hauishii kwenye takwimu za uhalifu. Kwenye ramani za saratani ya figo za Marekani, wilaya zenye kiwango cha juu kabisa na zile zenye kiwango cha chini kabisa, zote mara nyingi ni za mashambani zenye watu wachache.)

Namba ya juu: nini kimehesabiwa?

Marekani ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili kwa sababu sheria inalazimisha takwimu zitoke. Mwaka 1986 mwanafunzi Jeanne Clery aliuawa bwenini kwake katika Chuo Kikuu cha Lehigh, Pennsylvania. Sheria iliyofuata mwaka 1990, ambayo sasa ina jina lake, inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu za kuwasaidia wanafunzi kutoa ripoti kila mwaka kufikia tarehe 1 Oktoba, yenye takwimu za miaka mitatu.

Mtego wa kwanza umo kwenye orodha ya makosa. Sheria ya Clery huhesabu mauaji, makosa ya kingono, unyang'anyi, shambulio la kudhuru, uvunjaji, wizi wa magari na uchomaji moto, pamoja na makosa mengine machache. Wizi wa kawaida haumo, isipokuwa umefanywa kwa chuki. Kompyuta mpakato ikiibwa juu ya meza ya maktaba wakati mwenyewe amekwenda kunywa maji, haiingii kwenye jedwali. Ikiibwa chumbani bwenini na mtu aliyeingia bila ruhusa, huo ni uvunjaji, inaingia. Takwimu za miji zinazokusanywa na FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu ya Marekani, kwa upande wake, zinajumuisha wizi wa kawaida ndani ya makosa ya mali, na ndio sehemu kubwa ya makosa hayo. Anayeweka jumla ya chuo kando ya jumla ya mji amelinganisha kikapu na kikapu kilichotobolewa. Linganisha kosa kwa kosa: uvunjaji kwa uvunjaji, unyang'anyi kwa unyang'anyi.

Mtego wa pili ni mipaka. Sheria huhesabu yaliyotokea ndani ya kampasi, kwenye majengo fulani ya chuo yaliyo nje yake, na kwenye barabara za umma zinazopakana nayo. Nyumba binafsi ya kupanga mitaa mitatu kutoka getini haimo, hata kama wapangaji wote ni wanafunzi.

Wa tatu ni mlango wa taarifa. Polisi wa mji huhesabu yaliyowafikia wao. Chuo hutakiwa kuhesabu pia taarifa zilizomfikia kocha wa timu, mlezi wa bweni au mkuu wa wanafunzi, bila kusubiri mtu akamatwe. Kwa hiyo chuo kinachosikiliza vizuri huonekana kibaya. Shirika la AAUW, linalotetea wanawake katika elimu Marekani, lilipochambua takwimu za mwaka 2015 lilikuta asilimia 89 ya kampasi zimeandika sifuri kwenye ubakaji. Baadhi ya sifuri hizo ni kijiko kisichokuta chuya. Nyingine ni watu ambao hawakuona pa kwenda kusema. Ukiitazama namba peke yake huwezi kuzitenganisha. Adhabu zipo: mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Liberty, Virginia, kilikubali kulipa dola milioni 14 kwa kukiuka sheria hii.

Namba ya chini: nani aliyekuwepo?

Mfano wa kuchekesha kuliko yote unatoka Roma. Kwa mwaka 2002, mwendesha mashtaka wa Vatican alitaja makosa ya jinai 608 katika dola yenye wakazi 455. Hayo ni karibu makosa 134 kwa kila wakazi 100, kiwango ambacho hakuna genge lingekiota. Bila shaka makadinali hawakuwa wakichomoleana pochi. Waliokuwa wakiibiwa, na wengi wa waliokuwa wakiiba, ni miongoni mwa mamilioni ya wageni wanaopita, ambao hawamo kwenye 455. City of London, eneo dogo la mabenki na ofisi katikati ya London, ina hali hiyohiyo: wakazi karibu 8,600 kwa sensa ya 2021, wafanyakazi zaidi ya nusu milioni. Ofisi ya takwimu ya Uingereza huacha kuitolea kiwango kwa kila mkazi.

Vyuo hukosea kwa kuelekea upande wa pili pia. Chuo Kikuu cha Southern New Hampshire, Marekani, kina wanafunzi zaidi ya 100,000 wanaosoma kwa intaneti na elfu chache tu kampasini. Ukigawanya kwa wote waliosajiliwa, umewahesabu kuwa wamekoswa na kibaka watu ambao hawajawahi kufika getini.

Kwetu Tanzania mtego huu umekaa kwenye ramani. Polisi hutumia mikoa ya kipolisi, na baadhi yake, kama Tarime/Rorya iliyo ndani ya Mkoa wa Mara, haifanani na mikoa ya sensa. Anayetaka kiwango cha huko lazima ajumlishe watu wa wilaya husika kwanza, kisha awaondoe kwenye hesabu ya Mara. Na kijiko kipo palepale: kwa sensa ya 2022, tukio moja la mauaji Kusini Unguja (watu 195,873) linapandisha kiwango kama matukio 27 au 28 ya Mkoa wa Dar es Salaam (watu 5,383,728).

Hesabu ya kwenye bahasha

Tuseme vyuo viwili vya kubuni. Cha kwanza kina wanafunzi 2,400 na uvunjaji 4 kwa miaka mitatu. Cha pili kina wanafunzi 36,000 na uvunjaji 45 kwa miaka hiyohiyo. Zidisha wanafunzi kwa miaka: 7,200 na 108,000. Gawanya: cha kwanza 0.56 kwa kila wanafunzi 1,000 kwa mwaka, cha pili 0.42. Kidogo kinaonekana kibaya kwa theluthi nzima.

Kabla ya kuandika kichwa cha habari, pima kuyumba. Njia ya haraka: tafuta kipeuo cha pili cha idadi ya matukio, toa 1 na uzidishe jibu kwa lenyewe, upate mpaka wa chini; halafu kwenye kipeuo kilekile jumlisha 1 na uzidishe jibu kwa lenyewe, upate mpaka wa juu. Kwa 4, kipeuo ni 2, hivyo unapata 1 hadi 9. Kwa 45 unapata 33 hadi 59 hivi. Kwenye viwango, chuo kidogo kipo popote kati ya 0.14 na 1.25, na kikubwa kati ya 0.30 na 0.55. Cha pili kimekaa chote ndani ya cha kwanza. Hakuna cha kupanga. Pakiwa na sifuri njia hii haifai. Tumia 0 hadi 3.

Sasa badilisha namba ya chini. Chuo kidogo kinalaza bwenini wanafunzi 2,000, na matukio yake yote 4 yalikuwa bwenini. Kikubwa kinalaza 9,000 tu, na matukio 30 kati ya 45 yalikuwa bwenini. Kwa kila wakazi 1,000 wa bweni, kidogo kina 0.67 na kikubwa 1.11. Mpangilio umegeuka, na hakuna tukio hata moja lililoongezwa. Hata hapo mipaka bado inapishana, kwa hiyo bado hujapata mshindi.

Tahadhari moja: njia hii inachukulia kila tukio limejitegemea. Mwizi mmoja akivunja vyumba sita usiku mmoja, chuya zimeshikamana, na mipaka halisi ni mipana kuliko ulivyopata. Kujumlisha miaka mitatu au mitano husaidia, ilmradi kanuni za kuhesabu hazikubadilika katikati. FBI kwa mfano ilihamia mfumo mpya wa takwimu mwaka 2021, na vituo vingi vya polisi havikuwahi kuuingia mwaka huo.

Swali linalobaki ni kama ukubwa wenyewe una athari hata bahati ikiwekwa kando. Uchambuzi mmoja wa miji ya Marekani uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta makosa makubwa yanakua kwa kipeo cha 1.16 cha idadi ya watu. Yaani mji ukiwa na watu mara mbili, kila mkazi anabeba kama asilimia 12 zaidi. Kama ni hivyo, hata kiwango kwa kila mtu kinaionea miji mikubwa. Ila hapa ushahidi ni mwembamba kuliko kwenye habari ya kijiko: kipeo hutofautiana kwa aina ya kosa na kwa nchi, na ukisogeza mpaka wa mji kwenye ramani, ukaingiza vitongoji au ukaviacha nje, nacho kinaweza kusogea.