Je, wajua daunlodi iliyokatikia asilimia 97 inaendeleaje bila kuanza upya?

Umeshawahi kuacha faili la GB 3 linashuka usiku kucha, asubuhi unaamka unakuta limegoma asilimia 97? Inauma jamani. Ukibonyeza tena brauza inaanza sifuri na bando ndo limeshaondoka. Brauza za siku hizi zinajaribu kuendeleza lakini zikigoma zimegoma, ndo maana watu wanatafuta programu maalumu ya kudaunlodia, na zipo za bure kabisa tena chanzo huria (yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuuona na kuubadilisha): aria2, Motrix, XDM, Persepolis.

Sasa zinafanyaje? Mi nilidhani zina uchawi wao, kumbe ujanja wenyewe uko kwenye HTTP, ile lugha ambayo brauza na seva (kompyuta inayotunza faili huko mtandaoni) zinaongea. Tangu toleo la 1.1 la mwaka 1997 programu inaweza kuiambia seva bwana usinipe faili zima, nipe kuanzia baiti hii mpaka ile. Seva ikikubali inajibu kwa namba 206 na kutoa kipande hicho tu, isipokubali inajibu 200 na kukumwagia lote toka mwanzo. Kwa hiyo mtandao ukikatika, programu inaangalia vipande gani vimeshafika, inaomba vilivyobaki, basi. aria2 inaweka kafaili kadogo pembeni ya faili lako, jina lile lile ila mwishoni kuna .aria2, ndo kanakotunza hesabu ya vipande. Usikafute! Mi nilishakafuta nikidhani takataka, we acha tu.

Ujanja huohuo ndo unaowezesha kugawa faili. La MB 400 ukiligawa mara 4, muunganisho mmoja unavuta MB 100 za kwanza, mwingine zinazofuata, hivyo hivyo mpaka mwisho, halafu vyote vinakaa mahali pake ndani ya faili moja. Ila hapa watu wanadanganyana sana. Kama seva inabana spidi kwa kila muunganisho, kugawa kunasaidia kweli, lakini kama intaneti yako ndo ndogo hata ugawe mara 16 hutaona tofauti, na seva nyingine zikikuona unagonga mlango mara nyingi hivyo zinakufungia.

Kuanza ni rahisi. Kama hupendi kuandika amri chukua Motrix, ina madirisha na vitufe vya kawaida na ndani yake inayofanya kazi ni aria2 hiyohiyo, we unabandika linki tu. Kwenye Ubuntu au Debian (mifumo ya Linux) fungua terminal, lile dirisha la kuandikia amri, andika sudo apt install aria2, halafu:

aria2c -c -x 4 -s 4 "linki"

Hizo alama za kunukuu usiziache, linki nyingi zina & katikati na bila hizo amri inakatwa hapohapo. -s ni idadi ya vipande, -x ni miunganisho mingapi kwa seva moja (usipoiweka ni 1 tu, mwisho 16). Faili likiwa chini ya MB 40 halitagawanywa hata uandike nini, labda ubadilishe mipangilio. -c yenyewe ni tamu, inaweza kuendeleza hata faili lililoanzwa na programu nyingine ilimradi lilikuwa linashuka kwa mfululizo toka mwanzo.

Na bure sio lazima iwe huria, Free Download Manager kwa mfano matoleo yake ya zamani yalikuwa chanzo huria, mapya sio.

Ikigoma kuendelea, mara nyingi linki imeisha muda wake, rudi kwenye ukurasa uchukue mpya. Kama ni seva ndo haitoi vipande hakuna programu itakayokuokoa, tafuta faili hilohilo kwenye seva nyingine au kwa torenti (faili linalovutwa vipande vipande toka kompyuta za watumiaji wengine), na torenti nazo aria2 inazivuta.