Mchina wa Hollywood aliyezaliwa Uswidi

Ukizitazama picha za zamani za mpelelezi Charlie Chan, yule bwana mnene mwenye kindevu, anayesema taratibu na kumwaga methali kila baada ya dakika mbili, utaapa kuwa ni Mchina. Mimi niliapa. Kumbe ni Warner Oland, ambaye wazazi wake walimwita Johan Verner Ölund. Alizaliwa 1879 Bjurholm, kaskazini mwa Uswidi, na familia ilihamia Marekani 1892, yeye akiwa na miaka 13. Mengi yanayosemwa juu yake, na juu ya wahamiaji wenzake waliocheza picha enzi hizo, hayana mashiko.

“Kama si Mchina, basi alikuwa chotara.”

Uvumi huu aliupalilia mwenyewe, maana alipenda kudai ana asili ya Mongolia. Ukoo wake unaojulikana hauonyeshi kitu kama hicho. Kazi ya kumbadilisha sura ilikuwa ndogo ajabu: masharubu yalishushwa, nyusi zikapandishwa, akawekewa kindevu, basi.

“Walimchukua Mswidi kwa kuwa Waasia waigizaji hawakuwepo.”

Walikuwepo, tena walimtangulia. Chan alipoingia kwenye sinema mara ya kwanza, 1926, alichezwa na Mjapani, George Kuwa. Mwaka uliofuata akachezwa na Mjapani mwingine, Sojin Kamiyama. Mwaka 1929 ikawa zamu ya E. L. Park, ingawa humo Chan anapita tu kama mpita njia. Studio ya Fox ilipoamua, 1931, kwamba Chan ndiye wa kuuza picha, ikamwita Oland. Akamcheza mara 16.

Ukitaka kuona uzito wa jambo hili, angalia malipo. Mwaka huohuo wa 1931 Oland alicheza *Daughter of the Dragon*. Stelingi alikuwa Anna May Wong, binti wa Kichina mzaliwa wa Los Angeles. Alilipwa dola 6,000. Mjapani Sessue Hayakawa, aliyekuwa nyota mkubwa tangu enzi za picha bubu, alipata 10,000. Oland, anayeonekana kwa dakika 23 tu, alipokea 12,000. Mgeni wa kutoka Ulaya aliruhusiwa kuwa mgeni wa popote. Mwasia hakuruhusiwa hata kuwa yeye mwenyewe kwa bei ileile.

Kisha kuna Keye Luke, aliyeanza kucheza mtoto mkubwa wa Chan 1935. Huyu alizaliwa Guangzhou, akakulia Seattle. Mtazame kwenye picha: mwana, Mchina halisi, anabwabwaja Kiingereza cha mitaa ya Marekani, huku “baba” Mswidi akikatakata maneno ili asikike kuwa ametoka China. Hapo huwa nacheka, halafu nashindwa kujua kama ilipaswa kuchekesha.

“Sauti ilipoingia kwenye sinema, wenye lafudhi walikwisha.”

Kwa baadhi ya mastelingi, ni kweli. Mjerumani Emil Jannings, wa kwanza kupata Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, alirudi kwao 1929. Lakini anayecheza adui, daktari wa ajabu au mzee wa nchi za mbali alihitaji lafudhi kama fundi anavyohitaji nyundo. Mhungaria Bela Lugosi, aliyecheza Dracula, alijulikana dunia nzima 1931 kwa sauti yake ileile ya kigeni.

Oland mwenyewe alikuwemo katika *The Jazz Singer* ya 1927, picha iliyoifungulia sauti mlango. Humo ni baba Myahudi, kiongozi wa nyimbo katika sinagogi. Mwanawe, Al Jolson, amekaa kwenye piano akimwimbia mama na kumtania, na sauti inasikika. Mlango unafunguka. Baba anasimama, anatazama, anatoa neno moja: “Acha!” Mazungumzo yanakatika, na picha inarudi kuwa bubu. Neno moja tu, lakini limekaa mahali pake.

“Wachina walimchukia.”

Hapa mambo hayanyooki. Tangu 1929 Oland alikuwa amecheza pia Fu Manchu, adui wa kutisha, na sura hiyo ya Mchina iliudhi wengi. Chan, mwerevu anayewashinda Wazungu kwa akili, alipendwa: Oland alipofika Shanghai 1936 alipokewa kwa shangwe. Lakini Wamarekani wenye asili ya China ambao baadaye walimkosoa Chan hawakukosea pia. Kupendwa Shanghai hakumpi Anna May Wong zile dola zilizopungua.

“Waigizaji wa aina yake hawakuwa wasomi.”

Oland na mkewe, Edith Shearn, walitafsiri tamthilia za mwandishi August Strindberg kutoka Kiswidi kwenda Kiingereza. Zilianza kuchapishwa 1912, karibu miaka 20 kabla hajavaa kofia ya Chan.

Januari 1938 aliondoka katikati ya upigaji wa picha nyingine ya Chan, asirudi. Agosti 6 mwaka huo alifariki Stockholm. Studio haikutupa ilichokwisha kupiga. Ilimtoa Chan, ikamweka Mr. Moto, mpelelezi wa Kijapani, na kumbakiza Keye Luke akiwa bado mtoto wa Chan. Moto alichezwa na Peter Lorre, mzaliwa wa Austria-Hungaria.