Kingamwili za aleji na moyo: usiache maziwa bado

Siku hizi wagonjwa wanafika kliniki wakiwa na majibu ya kipimo cha aleji kwenye simu. Mistari mingine imewekwa rangi nyekundu: maziwa, karanga, kamba. Mwenyewe anakunywa mtindi kila asubuhi, hajawahi kuwashwa wala kuvimba midomo, ila amesoma mahali kwamba kingamwili za aleji, yaani protini za kinga ambazo kipimo hicho hutafuta, zinaharibu moyo. Swali lake: daktari, niache maziwa?

Hofu hiyo ina chanzo. Kingamwili yenyewe ni IgE, iliyogunduliwa miaka ya 1960 na akina Ishizaka waliokuwa Marekani, na Johansson na Bennich wa Sweden. Katika damu ni kidogo mno kuliko kingamwili nyingine. Kazi yake inafanyika juu ya seli za masti, aina ya seli za kinga, ambako hujibandika na kukaa kama mtego wa panya uliokwisha kutegwa. Protini ya chakula husika ikigusa tu, seli inamwaga histamini pamoja na vimeng'enya vinavyokula tishu.

Tulizoea kuzitafuta seli hizi kwenye ngozi, pua na mapafu, lakini ziko pia kwenye kuta za mishipa inayolisha moyo. Watafiti wa Finland walionyesha mwaka 1995 kwamba hujazana pale pale utando wa mafuta ulipopasuka na kuleta shambulio la moyo. Na kabla ya hapo, mwaka 1991, Kounis na Zavras wa Ugiriki walieleza jinsi mzio mkali unavyoweza kubana mishipa ya moyo papo hapo. Kwa hiyo aliyeumwa na nyuki kisha akalalamika kifua apimwe ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, asipewe dawa ya mzio tu na kurudishwa nyumbani.

Kilichozua maswali ya sasa ni madhara ya polepole. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walichapisha takwimu za watu wazima zaidi ya 4,400: waliokuwa na IgE ya vyakula, hasa maziwa ya ng'ombe, walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa zaidi ya wenzao. Uhusiano ulikuwa na nguvu zaidi kwa wale walioendelea kula chakula husika. Dhana ni kwamba mtego unafyatuka kidogo kidogo kila siku bila mtu kuhisi lolote. Ina mantiki, ila bado ni dhana. Hakuna aliyeachishwa maziwa katika utafiti ule ili tuone kama moyo wake ulinufaika.

Kuna pia habari ya kupe. Aking'ata, anaweza kuufanya mwili utengeneze IgE dhidi ya alfa-gali, sukari iliyomo kwenye nyama ya ng'ombe, mbuzi na nguruwe. Huko Virginia, mwaka 2018, wagonjwa 118 walipigwa picha za ndani ya mishipa ya moyo, na wenye kingamwili hiyo walikutwa na utando mwingi zaidi. Mzio wa nyama wa namna hii umeripotiwa hadi Eastern Cape, Afrika Kusini.

Sasa turudi Dar es Salaam, maana hapa ndipo majibu yale yanapodanganya. IgE ya jumla hupandishwa na minyoo na kichocho. Mtu aliyekulia karibu na maji ya kichocho anaweza kuwa nayo juu sana na asiwe na aleji yoyote. Halafu kamba. Protini ya kamba inayosababisha mzio, tropomayosini, inafanana mno na ile ya mende, na ya utitiri wa vumbi unaostawi kwenye magodoro ya mji huu wenye unyevu. Mwili uliozoea kupambana na mende wa jikoni unaweza kutoa majibu "chanya" kwa kamba. Nimeshaona watu wanaacha kupita Feri, soko letu la samaki, kabisa kwa sababu ya mende! Takwimu za Marekani, ambako minyoo ni michache, siwezi kuzihamishia Mbagala kama zilivyo.

Na wanaofikiri dawa ya kuzima IgE italinda moyo wasubiri. Omalizumabu inafanya kazi hiyo hasa, lakini mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza onyo kwamba watumiaji wake walionekana kuwa na hatari kubwa kidogo ya matatizo ya moyo na ya mishipa ya ubongo.

Kwa hiyo mwenye mistari myekundu na mwili usio na dalili namwambia aendelee na mtindi wake. Kisha namfunga mkanda wa presha, namwandikia sukari na lehemu, namuuliza sigara. Mara nyingi presha peke yake inatupa kazi ya kutosha.

Ninayetaka kumwona haraka ni mwingine: anayeamka usiku amejaa vipele, saa kadhaa baada ya kula nyama choma, au anayebanwa kifua kila anapokula kamba. Huyo aache chakula hicho leo, asisubiri majibu ya maabara.