Maana ya sayari ndogo, na kwa nini Vesta ina namba 4

Ukikuta jina limetanguliwa na namba, kama 4 Vesta au 433 Eros, inayotajwa hapo ni sayari ndogo: gimba linalolizunguka Jua moja kwa moja, ambalo si sayari kamili wala si nyota yenye mkia. Nyingi zimo katika ukanda mkuu wa asteroidi (jina jingine la sayari ndogo za namna hii), kati ya Mirihi na Mshtarii.

Namba hiyo haihusiani na ukubwa wala umbali. Ni ya foleni. Gimba jipya hupewa kwanza alama ya muda yenye mwaka lilipoonekana. Likishafuatiliwa hadi njia yake ikajulikana kwa uhakika, ndipo hupata namba ya kudumu. Jina huja baadaye, kama litakuja, maana zilizo nyingi zina namba tu.

Vesta iliwahi foleni mapema. Heinrich Olbers aliiona akiwa Bremen, Ujerumani, tarehe 29 Machi 1807, baada ya Ceres, Pallas na Juno. Zama hizo zote nne zilihesabiwa kuwa sayari. Kuanzia 1845 zikagunduliwa nyingine, kisha nyingine tena, na orodha ya sayari ikawa haibebeki, ndipo zikatengwa. Neno asteroidi lilikuwepo tangu 1802, alipolitoa William Herschel kwa maana ya “mfano wa nyota”, kwa sababu kwenye darubini zilionekana nukta tupu. Jina la kupotosha kidogo, kwani ni miamba tu inayoakisi mwanga wa Jua.

Vesta yenyewe ina kipenyo cha kilomita 525 hivi, na mwaka wake ni sawa na miaka 3.6 ya Dunia. Mwaka 2006 Ceres ilipandishwa kuwa sayari kibete kwa kuwa ni ya mviringo. Vesta ilibaki ilipo, na sababu inaonekana upande wake wa kusini: kuna shimo la Rheasilvia, lenye upana wa kilomita 500 hivi, lililochimbwa na mgongano wa kale, hata Vesta haina umbo la mviringo kamili. Chombo cha anga cha Dawn kililipiga picha kwa karibu kati ya 2011 na 2012.

Vipande vilivyorushwa na migongano ya namna hiyo vingine vilifika Duniani. Wanasayansi walivitambua kwa kulinganisha mwanga unaoakisiwa na vimondo fulani na ule wa Vesta: madini ni yaleyale. Kwa hiyo baadhi ya mawe yaliyomo makumbusho ni Vesta yenyewe.